Ukuta wa Mookho

"Nani kakwambia uguse ukuta huu?"

Moroesi aligeuka. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, na lile tabasamu alilokuwa ameliandaa tangu asubuhi likamfia mdomoni. Mlangoni alisimama Matankiso, mama wa mwanamume aliyempenda, blanketi la kahawia limebanwa kifuani kwa pini, theluji imemganda kwenye viatu. Tangu Moroesi aletwe katika boma hili, mama huyu hakuwahi kuvuka kizingiti cha msonge aliompa akae. Leo alikuwa amekuja kwa miguu yake, na mkononi ameshika bakuli la uji mchachu linalofuka mvuke. Yaani siku aliyoamua kulegeza moyo ndiyo siku aliyoyakuta haya.

"Nilikuwa naziba nyufa, Mme. Upepo ulikuwa unaingia..." alijibu, akimwita Mme, yaani mama, kwa heshima.

"Sijakuuliza habari za upepo. Nimekuuliza nani kakutuma."

"Hakuna aliyenituma."

"Hakuna aliyekutuma," Matankiso alirudia polepole. Macho yake hayakumtazama Moroesi hata kidogo. Yalitambaa kwenye ukuta wa kusini, juu hadi chini, upande hadi upande, kama ya mtu anayemtafuta mwanawe sokoni. Udongo ulikuwa bado mbichi. Moroesi alikuwa ameulainisha kwa kiganja, kisha akauchora kwa vidole mistari iliyopinda kama matuta ya shamba, mtindo wa kwao Mafeteng. Ilikuwa kazi safi, na kabla mlango haujafunguliwa alikuwa akiitazama kwa fahari.

"Na ile michoro ya zamani?" mama aliuliza, na sauti yake ikapungua ghafla. "Ile iliyokuwapo hapa iko wapi?"

"Iko chini, Mme. Ilikuwa imefifia, nikadhani ni..."

Bakuli lilimponyoka. Uji ulitapakaa sakafuni hadi kwenye ngozi ya kondoo iliyotandikwa kando ya moto. Matankiso hakuinama kuliokota.

"Fungasha vitu vyako," alisema. "Njia ikifunguka tu, unarudi kwenu. Nitawapigia simu waje wakuchukue."

"Mme, nimekosa nini? Niambie tu nimekosa nini!"

Lakini mlango ulikwisha fungwa.

Watu husema mapenzi ni upofu. Moroesi hakuwa kipofu. Alimwona Tankiso vizuri sana siku ya kwanza, alipoteremka Mafeteng msimu wa kunyoa kondoo, mkasi mkubwa begani, akaingia kwenye banda ambamo yeye na wanawake wenzake walikuwa wakisokota singa za mbuzi. Aliona viatu vyenye matobo, akaona pia macho yanayocheka kabla ya mdomo. "Dada, uzi wako mwembamba hivyo unamfunga nani?" kijana aliuliza. "Wewe, ukikaa karibu," alijibu, na banda zima likaangua kicheko. Tangu hapo hakuna aliyefunguka.

Baba yake alikuwa na mtu wake tayari, karani wa Maseru mwenye gari na tai. "Mchunga kondoo wa milimani!" mzee alifoka. "Utakula theluji?" Moroesi alilia, akanuna, akagoma kula, mwisho akachukua mfuko wake na kijiti chake cha kusokotea akamfuata Tankiso. Hakuburutwa na mtu, alikwenda mwenyewe, tena akitembea mbele.

Tatizo ni kwamba mapenzi ni ya wawili na ndoa ni ya koo. Binti akishaletwa bomani namna hiyo, nyumba ya mume humchinjia kondoo wa koae, kondoo wa tumbaku. Akila nyama yake, amepokewa. Huvishwa, hupewa blanketi, na mama mkwe humpa jina jipya, jina la mama wa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kondoo asipochinjwa, binti si mgeni wala si mke. Hukaa nyuma ya mlango, hushusha sauti, hushusha macho, na haulizi maswali. Hilo la mwisho ndilo lililomponza Moroesi.

Maana Matankiso hakuchinja. "Kondoo hawana haraka, na mimi sina," alimwambia mwanawe. "Msichana wa bondeni huyo. Aionje baridi kwanza, tuone kama atabaki."

Basi Moroesi aliionja. Msonge aliopewa ulikuwa umefungwa muda mrefu, na ukuta wa kusini umepasuka kiasi kwamba mshumaa haukukaa ukiwaka. Angeweza kulalamika, angeweza kumlilia Tankiso, lakini alitoka nje akaanza kutazama mlima una nini. Mlima ulikuwa na vitu vingi. Alichuma lengana, majani ya kijivu machungu yanayofukuza kikohozi, akayafunga vishada na kuyaning'iniza darini, nyumba ikanukia. Aliokota mawe laini mtoni, akayapasha kando ya moto wa samadi kavu, akayafunga vitambaa na kuyaingiza chini ya blanketi. Alisuka nyasi, akazijaza manyoya mabovu, akapata mto mrefu mwembamba wa kuziba chini ya mlango. Jioni alikaa kwenye ngozi akisokota singa, moto ukitafuna taratibu, na Tankiso aliporudi kutoka malishoni alikaa akimtazama tu.

"Watakuita Malinku," alimtania jioni moja. "Mama wa kondoo. Kwa unavyopenda manyoya!"

"Na wewe utakuwa baba wa kondoo. Hutapata shida, mmefanana."

Walicheka mpaka wakaona haya, na mkono wa Tankiso ukakaa juu ya wake muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

Ukabaki ukuta. Moroesi alivunja barafu kwa jembe pale chemchemi chini ya mierebi, akachimba udongo, akauchanganya na samadi mbichi na majivu, akasubiri siku Tankiso atakayokuwa mbali ili amshtukize. Alitaka mama mkwe aingie siku moja, asikie joto, akae. Alitaka hilo tu.

Sasa alipiga magoti mbele ya ukuta ule akiwa na kijiko mkononi. Alikwangua pembeni kidogo, kwa hofu, kama anayemenya yai la moto. Udongo mpya ulitoka, na wa zamani ukatoka nao. Alijaribu mahali pengine. Vilevile. Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ulioshikana hauachanishwi. Aliweka kijiko chini akalia, huku mikono ikimkauka na kukakamaa.

Hivyo ndivyo Tankiso alivyomkuta alasiri, alipowashusha kondoo kutoka kwenye malisho ya juu kwa sababu ya theluji. Alisukuma mlango kwa bega, blanketi limefungwa bega la kulia, ndevu zina vipande vya barafu, na usoni ana ile furaha ya mtu ambaye njia nzima alikuwa akiwaza sura moja. Kisha akauona ukuta. Furaha iliondoka usoni mwake, na Moroesi aliiona ikiondoka.

"Sema kitu," Moroesi alimwambia.

Tankiso alivua kofia. Akaketi kwenye kigoda, akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Tankiso, mama yako kanifukuza. Kamwaga uji, kanifukuza, na sijui hata nimefanya nini. Niambie. Ile michoro ilikuwa ya nani?"

Alijibu kwa sauti ya chini sana. "Ya Mookho."

"Mookho ni nani?"

"Mdogo wangu."

Moroesi alimkodolea macho. "Una mdogo wako?"

"Nilikuwa naye."

"Umenitajia jina la kila farasi uliyewahi kumpanda. Mpaka yule aliyekutupa mtoni! Hukuweza kuniambia kwamba ulikuwa na dada?"

"Hatumtaji hapa."

"Mimi si hapa! Mimi ni mimi!" Sauti ilimpanda, kisha akakumbuka hana ruhusa ya kupandisha sauti katika boma lile, akaishusha, na hasira ikazidi kwa kushushwa. "Nieleze. Sasa hivi."

Tankiso alitazama moto. Alieleza kwa vipande vipande. Msonge huu ulikuwa wa Mookho, binti asiyetulia, mwimbaji, mchoraji. Ukuta ule aliuchora mwenyewe mara ya kwanza alipokubaliwa kushika udongo, maua na matuta na ndege asiyefanana na ndege. Mwaka uliofuata mama alitaka kukandika upya kama wafanyavyo wanawake wote kabla ya baridi, na binti akamng'ang'ania sketi. Alimsihi asifute maua yake. Mama alimpenda mno, akaacha. Ukuta ukapasuka. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, njia zikafunga, kifua kikambana mtoto, na kabla theluji haijayeyuka walikuwa wamemzika kule juu ya kijiji.

"Mama akaufunga mlango," Tankiso alimaliza. "Hakuingia tena. Hakutaja tena jina. Mimi pia."

Moroesi aliutazama ukuta. Alimwona yule mtoto na sketi ya mama mkononi, na roho ikamuuma kweli. Lakini chini ya maumivu yale kulikuwa na jambo jingine, na hakuweza kulimeza.

"Na ukaniweka humu."

"Ndiyo nyumba iliyokuwapo, Moroesi."

"Ukaniweka humu, ukaniona naziba nyufa za chini kwa matambara, ukaniona nachota udongo..."

"Sikujua udongo ni wa nini!"

"Mtu anachota udongo wa nini hapa mlimani, wa kupika? Ulijua. Ulijua, ukaona ni rahisi kunyamaza. Mimi siruhusiwi kuuliza, Tankiso. Wewe uliruhusiwa kusema. Tofauti yetu ndiyo hiyo."

Tankiso alisimama ghafla, kigoda kikaanguka. "Basi twende! Tuondoke wote. Nitanyoa kondoo wa watu huko bondeni, tutapanga chumba, hakuna ukuta wa mtu, hakuna mama wa mtu."

"Sitaki."

"Hutaki kwenda na mimi?"

"Nilitoka kwa baba bila baraka. Nikitoka hapa tena bila baraka, nitakuwa mke wa nani? Wa barabara?" Alimkazia macho. "Nakupenda. Naapa... nakupenda mpaka naona aibu. Lakini sitaki kuishi maisha yangu yote nyuma ya mlango. Nataka nile ile nyama. Nataka niitwe. Na kama haiwezekani, watu wa kwetu wakija nitaondoka nao, na wewe utabaki na kimya chako, mfarijiane."

Tankiso alimtazama. Yale macho yaliyozoea kucheka yalikuwa mekundu. Alinyoosha mkono akamgusa shavuni palipokuwa na tone la udongo uliokauka, na Moroesi, Mungu amsamehe, hakuusogeza uso. Walisimama hivyo, wamekasirikiana na wanatamaniana, mpaka kondoo mmoja akalia nje na Tankiso akavaa kofia, akatoka.

Matankiso hakuwa mtu wa maneno matupu. Alikwisha panda kilima kile kinachoshika mtandao, akapiga simu Mafeteng. Na kwa kuwa baba wa Moroesi alikuwa bado amenuna, aliyetumwa kumchukua alikuwa mjomba wake, Letlatsa, mtu wa kitambi, mvuta ugoro, ambaye hata msibani alikuwa anafukuzwa kwa kuchekesha. Jua lilipotoka na njia kufunguka, alionekana akipanda mlima juu ya farasi wa kukodi, akimtukana farasi na farasi akimpuuza.

"Kina mama wa hapa!" aliguta alipofika getini. "Nimeleta pua yangu, masikio nimeyaacha njiani. Nani ana moto?"

Hapo ndipo ulipotokea mkwamo. Nyumba ya Matankiso ilikuwa na moshi mwingi na joto kiduchu. Mgeni kafika anatetemeka, meno yanagongana, na mgeni ni mgeni hata akija kwa ugomvi. Moto wa maana ulikuwa mmoja tu katika boma lile, na kila mtu alijua uko wapi. Matankiso alisita kidogo uani. Kisha akaelekeza kwa kidevu.

"Muingize mle," alimwambia Tankiso.

Mjomba Letlatsa aliinama akaingia. Moroesi alikuwa ameketi nyuma ya mlango, mfuko umefungwa kando yake, kijiti cha kusokotea kimechomekwa juu. Alimwamkia mjomba kwa macho chini. Mzee yule alivua glavu. Akavua skafu. Akatazama huku na huku, akavua kofia, na mwisho akalegeza blanketi lenyewe.

"Aisee," alisema. "Nimelala nyumba tatu njiani, sijavua hata kofia. Hapa mtu anaweza kuvua mpaka dhambi."

Matankiso alikuwa amebaki kizingitini, mgongo ukiwa nje, uso ukiwa ndani. Tankiso alisimama karibu na moto.

"Mme, ingia basi, unatupulizia baridi," mjomba alisema, na kwa kuwa lilikuwa ombi la mgeni, Matankiso akaingia. Akaketi mahali pa kwanza alipopata, ameupa ukuta wa kusini mgongo.

Maneno ya adabu yalisemwa. Afya za watu, afya za mifugo, theluji. Kisha mjomba akakohoa.

"Nimetumwa kumchukua mtoto wetu. Tumeambiwa kakosa, hatukuambiwa kakosa nini. Sasa nikirudi nitaulizwa. Kaiba?"

"Hakuiba," Matankiso alijibu.

"Katukana?"

"Hapana."

"Basi kafanya nini?"

"Kakandika ukuta."

Mjomba alingoja mengine yaje. Hayakuja. Akatazama ukuta, akamtazama Moroesi, akajipiga paja. "Hilo tu? Mama, kwetu tungemtuza! Si wazee walisema? Usipoziba ufa..."

Tankiso alishtuka kama aliyechomwa na kaa. "Mjomba, acha."

"Niache nini? Ni methali tu."

"Acha, nakuomba."

Matankiso alikuwa amekaza macho kwenye moto, na mikono yake chini ya blanketi ilikuwa imekumbatiana.

"Malizia, mzee," alisema.

"Ah, mama, tuyaache. Naona nimekanyaga mahali..."

"Umeianza ndani ya nyumba yangu. Malizia."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Ukuta ningejenga," Matankiso alisema. "Ukuta hujengwa."

Na hapo Tankiso, ambaye maisha yake yote alikuwa amejificha ndani ya kimya cha mama yake, akatoka. Alipiga goti. "Mama, kosa ni langu. Yeye hakuambiwa. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu humu tumezoea kunyamaza. Ukimfukuza yeye, umemfukuza asiyehusika. Na mimi nitakwenda naye, akinikubali au asinikubali. Nitamfuata nyuma ya farasi."

Moroesi alimtazama, na ile hasira aliyoilea ikamwishia papo hapo. Alisogea kwa magoti kutoka nyuma ya mlango mpaka katikati ya chumba, mahali ambapo hakuwa na haki ya kufika.

"Mme, naomba nizungumze. Hata kama siruhusiwi, maana naondoka." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Nilijaribu kuifukua michoro ile nikakuta imeshikana na udongo wangu. Siwezi kukurudishia. Ningekuwa na uwezo ningekurudishia kila ua. Kama ningejua ni ya nani, nisingeigusa, naapa. Ningeuacha ukuta na nyufa zake. Ningevumilia tu baridi."

Matankiso aliinua uso ghafla.

"Umesemaje?"

"Nimesema ningevumilia baridi, Mme."

"Usiseme hivyo." Alisimama, na blanketi likamteleza begani. "Usiseme hivyo kabisa! Usiyaseme maneno hayo tena ndani ya nyumba hii, umenisikia? Ndivyo alivyoniambia. Hapo hapo ulipopiga magoti wewe. 'Usifute maua yangu, Mama, nitavumilia baridi.' Na mimi mtu mzima, mama mzima, nikamsikiliza mtoto!"

Alilia. Tankiso hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia, hata makaburini, na hakujua aweke wapi mikono yake. Mjomba Letlatsa aligeukia mlango na kuanza kuukagua mto wa nyasi ulioziba chini yake kana kwamba anataka kuununua.

Ilichukua muda. Kisha Matankiso akageuka, na kwa mara ya kwanza akautazama ukuta ule kwa karibu. Alinyoosha kiganja akakiweka juu yake, chini kidogo ya dirisha, mahali alipopajua. Akakisogeza kushoto. Akakirudisha. Alitafuta kwa mkono kama anayetafuta mapigo ya mgonjwa, mahali hapa, mahali pale, kando ya kitanda, karibu na sakafu.

"Upepo ulikuwa unapita hapa," alisema.

"Ndiyo, Mme."

"Na hapa."

"Ndiyo."

"Haupiti tena."

Matankiso alibaki amegusa ukuta. Ulikuwa na joto. Moto wa siku nzima ulikuwa umeuingia. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya mwenye boma, kavu, isiyobembeleza mtu.

"Tankiso."

"Mama."

"Katika wale kondoo uliowashusha, yule dume mwenye kichwa cheusi yupo?"

"Yupo."

"Sasa umepiga goti hapo unamngoja nani? Akajichinje mwenyewe?"

Tankiso aliinuka akajigonga kichwa kwenye boriti, akatafuta kisu kiunoni wakati ameshakishika mkononi. Moroesi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Lakini, mama," mjomba alisema kwa woga, "mimi nimetumwa kuchukua mtu."

"Utachukua nyama. Utakula ushibe, kisha utakwenda kumwambia baba yake aache kununa, aje tuzungumze ng'ombe wa mahari. Na umwambie binti yake anajua kukandika, ingawa hiyo mistari ya bondeni imepinda."

"Haijapinda," Moroesi alinong'ona kabla hajajizuia.

"Imepinda. Mwaka kesho nitakuonyesha." Matankiso alivua blanketi lake la kahawia, lile lile ambalo kijiji kizima kilimjua nalo, akalizungusha mabegani mwa msichana aliyepiga magoti, akalibana kifuani kwa ile pini kubwa. Vidole vyake vilikuwa baridi, lakini alikaza pini vizuri. Kisha akaketi juu ya ngozi ya kondoo, akaunyooshea moto miguu, akavuta pumzi ndefu yenye harufu ya lengana.

Nje kondoo alilia mara moja. Tankiso alikuwa bado kizingitini, mkono kwenye mlango, hataki kwenda kabla hajasikia jina.

"Mamookho," alisema mama yake.

Matankiso hakuwa amelitamka jina la Mookho tangu siku ya maziko. Tankiso aliegemea mlango. Moroesi aligeuka kutazama nani anaitwa, na akakuta nyuma yake hakuna mtu.

"Mamookho, naongea na wewe. Chukua bakuli ukanipakulie uji jikoni kwangu. Ule wa siku ile niliumwaga kabla hatujaunywa."

"Abee, Mme," Moroesi aliitika, na akainuka kwenda.